Ni Kadari au Ni Uzembe?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mno, na hapa Rumonge maji yakaingia katika nyumba za ufukweni. Mojawapo ni ile niliyokuwa nikikaa. Nilikuwa na diski mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Humo mlikuwa na darsa za mzee wetu, zilizorekodiwa na vijana kwa Ramadhani kadhaa. Mzee alikwisha kurejea kwa Mola wake. Diski zote mbili nilizitia katika mkoba mmoja, chini ya kitanda. Ndugu waliponiuliza nikajibu, "Qadarullahi." Wakanyamaza.

Nililosema ni kweli, lakini silo nililoulizwa. Hawakuuliza nani kaleta maji. Waliuliza niliiweka wapi amana yao.

Mafakihi wanasema mwenye kuwekewa amana hadhamini ikipotea bila kosa lake, ila hudhamini akizembea. Na kila kitu kina hifadhi inayokifaa kwa desturi ya watu. Fedha hazilazwi zizini. Basi hifadhi ya sauti iliyo ndani ya diski ni ipi? Diski hufa hata bila mafuriko: huanguka, huchakaa, huibwa. Haitoshi kuifungia kabatini. Wanaoijua kazi hii hutaka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Kwetu sisi, moja Rumonge na nyingine Bujumbura, kwa ndugu wa Buyenzi. Diski mbili katika mkoba mmoja hesabu yake ni moja.

Allah ameahidi kuihifadhi Qur'ani. Hata hivyo, baada ya mahafidhi wengi kuuawa Yamama, Sayyidna Abubakar (r.a.) alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye. Kisha Sayyidna Uthman (r.a.) akapeleka nakala Kufa, Basra na Sham, na nyingine ikabaki Madina. Wao walikuwa na ahadi na bado wakafanya sababu. Darsa za mzee wetu hazina ahadi hiyo.

Wengine watasema tuziweke mtandaoni, yaishe. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikafungwa kwa miezi. Hata mlinzi mkubwa ni mmoja tu. Mtandao uwe mojawapo ya nakala, usiwe zote.

Tena nakala isiyopatikana ni sawa na iliyopotea. Faili iitwe kwa mada, mahali na tarehe, orodha ishikwe na watu wawili, na kila miezi michache diski zifunguliwe kuona kama zinasomeka.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba elimu yenye kunufaisha humfaa mtu hata baada ya kufa kwake. Kwa hiyo niliyempunguzia si chama peke yake. Huenda nimempunguzia na mzee aliye kaburini. Nimetubu kwa Allah, lakini haki ya waja haiishi kwa toba peke yake, hivyo nimewaomba radhi ndugu zangu. Sasa napita nyumba kwa nyumba kuuliza nani bado ana darsa katika simu yake ya zamani. Ukiwa nayo moja, hata nusu, usiifute kabla hatujaonana.

Wallahu a'lam.