Mwenye Nyumba ya Wageni

Nimekua nikisikia mahubiri juu ya Msamaria Mwema. Bibi yangu alizaliwa Magila, jirani na kanisa la misheni ya UMCA, na katika ukoo wetu wa Kianglikana habari ile ya Luka sura ya 10 tunaijua tangu shule ya Jumapili. Kuhani anapita kando, Mlawi anapita kando, Msamaria anasimama, na mhubiri anasimama naye. Anamwagia majeruhi mafuta na divai, anamfunga vidonda, anampandisha juu ya mnyama wake na kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Kesho yake Msamaria anatoa dinari mbili na kuondoka, na mhubiri anaondoka naye. Mle ndani wamebaki mtu aliyevunjika na mtu wa kumtunza. Sijasikia mahubiri hata mara moja yaliyobaki nao.

Mimi nimebaki nao tangu nilipoajiriwa kuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji ya wanaume.

Kwetu jina la Msamaria limeingia hadi kwenye makaratasi ya hospitali. Usiku mmoja aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Segera. Simu hana, pochi hana, fahamu hana. Mahali pa jina wakaandika "Hajulikani", na mahali pa aliyemleta wakaandika "msamaria mwema". Msamaria mwenyewe alikuwa dereva wa pikapu ya machungwa ya Muheza, anawahi soko Dar es Salaam. Alimlaza kijana juu ya viroba, akasaidia kumshusha mapokezi, akaacha noti ya elfu kumi, akauliza kama atapona, akaondoka kabla askari hajafika na fomu ya polisi, PF3. Simlaumu hata kidogo. Alisimama usiku mahali ambapo mtu aliyelala barabarani huenda akawa mtego, na ambapo anayemwokota majeruhi huogopa kuhojiwa kana kwamba yeye ndiye aliyemgonga. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko nayo ilikuwa ya kutisha, inateremka zaidi ya mita elfu moja katikati ya majabali na nyika kavu. Kusimama kwenye njia kama hiyo si jambo dogo.

Lakini kabla ya saa sita za usiku kijana alikuwa kitandani kwetu, na kazi ya aina nyingine ikaanza. Mgonjwa asiyejitambua anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya makalioni na visiginoni inaoza. Anamulikwa tochi machoni ili kuona kama mboni zinaitikia mwanga. Anapimwa presha na mapigo, anapewa uji kwa mpira wa puani, anasafishwa kinywa kwa pamba, mkojo wake unapimwa na kuandikwa, kinyesi chake kinafutwa. Luka anataja dawa za Msamaria, na mtu wa wodini huzisoma kwa jicho lake: divai ina kileo cha kusafisha, mafuta yanalainisha, kisha bendeji. Huduma ya kwanza nzuri sana. Ila kidonda kilichofungwa leo lazima kifunguliwe, kisafishwe na kufungwa tena, na keshokutwa vilevile. Ni nani aliyefanya hayo kule Yudea?

Aliyefanya hayo alilipwa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo sura ya 20. Kwa hiyo mwenye nyumba alishikishwa ujira wa siku mbili, pamoja na ahadi kwamba gharama ikizidi atalipwa Msamaria atakaporudi. Katika kisa kizima yeye peke yake anatenda wema kwa malipo, na nadhani ndiyo sababu wahubiri wanamwacha mlangoni. Tunaona haya kuitaja fedha na upendo kwa pumzi moja. Tunadhani kimoja kikiingia kingine hutoka.

Haya hiyo imenifikia mwilini. Kwenye semina elekezi kiongozi mmoja alituambia sisi waajiriwa wapya kwamba uuguzi ni wito, na anayetaka pesa akafanye biashara. Tulimpigia makofi. Wengi wetu tulikuwa tumemaliza shahada ya miaka minne, tumemaliza mwaka wa utarajali, tuna leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bado tulikuwa tumezunguka tukijitolea kwenye vituo kwa nauli tu huku tukisubiri ajira itangazwe. Baadaye posho za zamu za ziada zilipochelewa, tulipouliza, tukajibiwa maneno yaleyale ya semina. Safari hii hatukupiga makofi.

Mimi naamini niliitwa. Nikiwa kidato cha pili mama alilazwa kwa kisukari, na muuguzi mmoja wa zamu ya jioni alikaa naye akamfundisha kujichoma sindano ya insulini, taratibu, bila kumfokea, akirudia kila alipotetemeka. Tangu jioni ile sijapata kuyaona maisha yangu katika kazi nyingine. Anayesema hakuna wito asiniambie mimi. Ninalolikataa ni wito kutumiwa na mwenye deni. Anayenidai kazi ya usiku wa pili mfululizo, huku malipo ya usiku wa kwanza bado anayo yeye, hana kinywa cha kunihubiria juu ya sauti ya Mungu. Hilo aniambie padri wangu, au mgonjwa mwenyewe. Aliyeniita hakuniita nisile.

Hata Florence Nightingale hawezi kutumiwa hivyo. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ndiyo siku yetu ya wauguzi duniani. Aliandika kwamba Mungu alimwita mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16. Wito huo ulimfikisha kwenye hospitali ya wanajeshi ya Scutari mwaka 1854, na kule alihangaika na mifereji ya maji machafu, madirisha, mashuka, jiko na takwimu za vifo. Shule aliyoianzisha London mwaka 1860, katika hospitali ya St Thomas', iliwafunza wanawake kazi ya ujuzi, kazi ya kuajiriwa. Kiapo tunachokisoma na mishumaa mikononi kinaitwa kwa jina lake, lakini si yeye aliyekitunga; kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Nimekiapa na ninakishika. Ni kiapo kizuri, na hakuna ndani yake neno lolote linalosema muuguzi asilipwe.

Muuguzi mwenzangu mkubwa wa zamu, Mwislamu wa Pangani, ndiye aliyenisimulia habari za Rufaida al-Aslamia wa Madina. Katika mwaka wa vita vya Handaki, yaani 627, sahaba Saad bin Muadhi alichomwa mshale, na Mtume akaagiza awekwe katika hema la Rufaida, lililokuwa msikitini, ili atunzwe humo. Zipo pia simulizi kwamba baada ya vita vya Khaibar mwanamke huyo alipewa fungu la ngawira sawa na wapiganaji. "Unaona, mdogo wangu?" aliniambia huku tunahesabu dawa za kabati. "Hema liko msikitini, na fungu lake analo." Sijui mahubiri yaliyonifaa kuliko hayo.

Limebaki swali gumu zaidi, nalo halihusu fedha. Luka anasema Msamaria alimwonea majeruhi huruma. Juu ya moyo wa mwenye nyumba hasemi kitu. Huenda alihuzunika, huenda alihesabu dinari tu. Hatuambiwi, na mtu yule aliyeachwa nusu mfu anategemea mikono yake.

Nalifikiri hilo hasa saa kumi za alfajiri. Saa hiyo naitafuta huruma kifuani siioni. Kuna miguu inayouma, macho yanayowasha, kitanda cha mwisho ambako dripu imekwisha, na wauguzi wawili kwa wodi nzima. Zamu ya kumgeuza Hajulikani imefika. Nikimgeuza bila kuhisi lolote, je, nimempenda? Au nimefanya kazi tu, na Mungu haandiki kitu? Chuoni tulifundishwa huruma kama sifa ambayo muuguzi anayo au hana. Hakuna aliyetuambia kwamba inakuja na kuondoka, na kwamba mgonjwa hawezi kuingojea irudi.

Nilimuuliza dada yangu yule wa zamu. Alinijibu kwa mfano wa saumu. Nia ya kufunga huwekwa usiku. Mchana mtu hulima, huuza samaki, husinzia, anapitisha saa nzima bila kumkumbuka Mola, na saumu yake bado ni saumu. Haimlazimu kuianza nia upya kila tumbo linaponguruma. Tangu hapo nimejizoeza kuweka nia yangu wakati wa kukabidhiana zamu, tunapopita kitanda kwa kitanda na ripoti inasomwa. Pale nasema kimoyomoyo kwamba watu hawa wote, hadi asubuhi, ni jirani zangu. Kinachofuata hukifanya nikiwa na hisia au nisiwe nayo. Kijana wa kitanda kile hakuhitaji moyo wangu uchemke. Alihitaji kugeuzwa upande wa kushoto.

Lakini sitaki neno hili liwe maficho. Wapo akina mama waliotukanwa na wauguzi wakiwa kwenye uchungu wa kujifungua; kila familia ninayoijua ina kisa chake, na ni aibu yetu. Uchovu unaweza kuondoa hisia, hauwezi kukupa ruhusa ya kufoka. Dada yule humwambia hata asiyejitambua: "Samahani kaka, tunakugeuza sasa." Hurekebisha shuka lisimwache wazi. Hamuulizi dini yake. Wala hakukuwa na namna ya kuijua dini ya Hajulikani. Mtu yule wa njia ya Yeriko naye alikuwa amevuliwa nguo na hawezi kusema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtambua kwa vazi wala kwa lafudhi kwamba huyu ni wetu au si wetu. Dada alimwombea dua, mimi nikamwombea kwa jina la Yesu, kisha tukaendelea na chati.

Kijana alifumbua macho. Lilipotoka jina lake, ndugu zake walifika kutoka Handeni, na afisa wa ustawi wa jamii akakaa nao kuzungumzia msamaha wa gharama, maana tangu mwaka 1993 hospitali za serikali zina utaratibu wa kuchangia. Mama yake alitushukuru kwa adabu zote. Kisha akauliza: aliyemleta mwanangu ni nani? Ana simu? Anatoka kijiji gani? Alirudi kila siku na swali hilo, na nasikia bado anawauliza madereva wa machungwa.

Naona alikuwa na haki. Yule dereva angeweza kupita na hakupita. Sisi hatukuwa na njia ya kupita. Shukrani humfuata aliyekuwa na hiari. Ninachoogopa ni nchi inayojua kumshukuru Msamaria lakini haijui kuiweka nyumba ya wageni wazi, yenye taa, glavu, na watu waliolala mchana ili wakeshe usiku. Kama dereva yule angetufikia akute mlango umefungwa, huruma yake ingefia juu ya viroba pamoja na kijana. Msamaria mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana hakumwomba mwenye nyumba ajitolee. Alihesabu dinari na kuahidi nyingine, akaichukua gharama iwe juu yake.

Padri alinialika kuyasema haya mbele ya akina mama wa kanisa letu. Nilipomaliza, mama mmoja mzee aliinuka polepole akauliza, "Mwanangu, na kama yule Msamaria hakurudi?"

Nilimjibu kwamba majeruhi ataendelea kulishwa na kugeuzwa, kwa sababu deni si lake, na mwenye nyumba atafunga safari kwenda Samaria kudai. Nikawaambia kwamba wodi yetu imekwisha kuandika barua juu ya posho za zamu, tumetia saini sote, na tumeomba jibu kwa maandishi. Yule mama akauliza kama kanisa nalo linaweza kuandika yake. Padri amesema atalipeleka swali hilo kwenye halmashauri ya kanisa, na mimi nimeombwa nifike na hesabu.