Chungu cha Mama na Mafuta ya Nguruwe

Aliyesilimu Kilosa au Mikumi aweza kukutwa na swali hili: mama yake angali akikaangia mboga mafuta ya nguruwe, je, akatae chakula cha mzazi wake?

Wako wasemao kwamba Kurani Tukufu (2:173) imetaja nyama tu. Hoja hiyo haisimami, kwani shahamu yatoka katika mwili uleule, na wanazuoni wa Kiislamu wamekubaliana kuwa ni haramu. Mwaka 1857 askari wa Bara Hindi, Waislamu na Wahindu, walikataa risasi walizoamini zimepakwa mafuta ya nguruwe na ng'ombe.

Lakini Kurani hiyohiyo (31:15) yaamuru kukaa na wazazi kwa wema, hata wakishurutisha ushirikina. Basi usimdharau mama, wala usikitukane chungu chake mbele ya watu. Kioshe mwenyewe, umpelekee mafuta ya ufuta au alizeti, mazao ya wilaya hiyohiyo ya Kilosa, na umwombe akupikie kwa hayo. Akikataa, kula ndizi zake kwa shukrani. Kinywa kisichokula haramu na kisitukane pia.