Kidonda ni cha Nani?

Kidonda cha moto ni cha nani? Utanijibu: cha aliyeungua, swali gani hilo! Haya, ndugu msomaji, tega sikio.

Tarehe 28 Novemba 1942 klabu ya Cocoanut Grove huko Boston, Marekani, iliteketea, wakafa watu 492. Madaktari Charles Lund na Newton Browder walikuwa miongoni mwa waliotibu majeruhi mjini humo. Mwaka 1944 wakatoa mchoro wa kupimia ngozi iliyoungua. Kichwa cha mtu mzima ni kama asilimia 7 ya mwili wake. Cha mtoto mchanga ni 19. Jambo dogo, siyo? Kumbe kipimo hicho ndicho kinachosaidia kujua majeruhi atundikiwe dripu kiasi gani. Mtoto wa Manzese aliyemwagikiwa uji leo anaweza kupimwa kwa mchoro huo huo.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, anabisha: kuandika maumivu kwa asilimia ni kumgeuza mtu namba. Mimi sikubali. Tusidanganyane jamani, sisi waandishi ndio wezi wakubwa. Tunamsikia mama wa watu akilia msibani, tunambadilisha jina, tunamtia kwenye hadithi, wala hatumwombi ruhusa. Daktari wa takwimu anauliza umri, kilichounguza, kiasi cha jeraha, kama mtu alipona. Jina analiacha. Huko Birmingham, Uingereza, Dk. Leonard Colebrook aliwaona watoto wanavyoungua kwa hita za umeme na gesi zisizo na kinga, akapiga kelele mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1952. Riwaya gani imefanya hivyo?

Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 180,000 kila mwaka kutokana na moto, vingi katika nchi kama zetu, za koroboi na majiko ya chini. Mwaka 2018 likaanzisha daftari la pamoja la hospitali za dunia. Fomu yake ukurasa mmoja tu! Mafaili mangapi yanaliwa na mchwa makabatini?

Ila aulizwe. Mama aliyekaa pembeni ya kitanda aelezwe, kwa Kiswahili chake, karatasi ile inakwenda wapi na nani ataisoma. Na akikataa? Basi amekataa. Mwanawe abadilishwe bandeji saa ile ile, na nesi yule yule, bila kununiwa.