Nani Aliyedanganya?

Nina lenzi kuukuu ya Kisovieti, Helios 44-2, nimeipachika kwa adapta kwenye kamera ya dijitali. Tundu nalizungusha kwa mkono. Kamera haijui nimelifungua kiasi gani, inapima tu mwanga uliopenya na kudhani kila kitu ni kijivu. Basi nikampiga picha bibi, buibui lake jeusi limejaa kote. Kumbe! Buibui kijivu, uso umepauka. "Huyu nani, mjukuu wangu?" akauliza. Nikalibana tundu, kamera ikafidia kwa kurefusha muda, weupe uleule. Ikabidi niiamrishe: punguza mwanga hatua mbili. Bibi akarudi.

Rafiki yangu anasema nimeghushi kipimo. Nakataa, bwana: mashine ilikisia, mimi namjua bibi. Lakini mpita njia nisiyemjua je, nitapunguza kwa ushahidi gani?