Boazi Alikwenda Langoni



Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 4, Boazi hamchukui Ruthu kimya kimya. Anakwenda kwenye lango la mji, anaketisha wazee kumi, na mbele yao yanamalizwa mambo mawili: shamba la marehemu na ndoa ya mjane. Sisi hupenda kuhubiri upendo wa Ruthu, tukalisahau shamba.

Kuanzia Jericho hadi Kayole na Dandora, ni nani kati yetu hana mwana, mpangaji au mwanajumuiya anayeishi njoo-tukae? Wengi wao hudhani kwamba miaka ikipita, sheria itawahesabu kuwa mume na mke. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra tu, na anayeidai ndiye aithibitishe. Kesi yenyewe ilihusu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka mingi, wakagombania ploti ya Dagoretti. Ilipita mahakama tatu. Mwishowe ikasemwa hapakuwa na ndoa, kwa kuwa mwanamke alikuwa ameolewa kimila na mwingine. Ploti iligawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja: mwanamke asilimia 70, mwanamume 30.

Kijana mmoja aliniambia, "Katekista, ng'ambo watu hupata haki zote bila ndoa." Si zote! Mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu ndoa za jinsia moja nchini kote (Katiba yetu, kifungu cha 45, inataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti), baadhi ya waajiri waliokuwa wakimlipia bima ya afya mwenzi asiye wa ndoa walifuta mpango huo. Anayetaka bima, walisema, afunge ndoa. Hata huko mlango huulizia cheti.

Basi mfikirie mama wa Dandora. Alichangia mawe na mabati, lakini karatasi ya ploti ina jina la bwana peke yake. Bwana anafariki. Ndugu wanafika kutoka mashambani, na kabla ya mazishi wapangaji wameambiwa kodi italipwa kwa shemeji. Watoto wana haki yao kwa baba, wawe wa ndoa au la. Yeye ataanza kutafuta mashahidi na risiti za fundi, akiwa bado analia.

Na sasa ninyi mliooana. Je, si sisi tuliowatisha? Tumewafanya waamini kwamba harusi ni hema, keki, magari na kamati ya kuchangisha. Kanisa linahitaji mafundisho, matangazo, padre na mashahidi wawili. Misa ya asubuhi yatosha, na chai nyumbani. Cheti cha ndoa hutolewa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, sawa na cha tajiri. Waliolipa mahari tu nao, tangu Agosti 2017, wanaweza kuandikisha ndoa ya kimila kwa msajili, sakramenti itafuata.

Msiende kwao na kidole cha kulaumu. Jitoleeni kuwa wasimamizi wao. Jumapili hii baada ya Misa, mwulizeni katekista wenu siku za mafundisho, kisha mpite kwa jirani jioni, mume na mke pamoja, mkawaambie.