Chini ya Mretemu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Fal. 19:1–9, Mwa. 1:26–2:3, Zab. 127:1, 2, Mk. 6:30–46, Kut. 18:13–24, Kum. 5:12–15.

Fungu la Kukariri: Marko 6:31.

Karibu kila kanisa lina mtu wa namna hii. Ndiye anayefungua mlango wa kanisa Sabato asubuhi, na ndiye anayeufunga jioni. Ni kiongozi wa Dorkasi, yumo kwenye kwaya, na wakati wa makambi yeye ndiye msimamizi wa jiko. Ukimwuliza habari, anajibu kwamba anamshukuru Mungu. Kisha Sabato moja haonekani. Tunatangaziwa kwamba amelazwa, shinikizo la damu limepanda. Tunamwombea, tunachanga, tunakwenda kumwona. Wachache tu ndio wanaojiuliza: je, tulimwona alipokuwa akichoka?

Wengi wetu tunaona haya kusema kwamba tumechoka. Tunadhani mtu wa Mungu hachoki, na kwamba kujitunza ni ubinafsi. Juma hili tutaona kwamba Mungu aliyeuumba mwili anaujua mpaka wake, na kwamba kupumzika kabla ya kuanguka ni sehemu ya kumtumaini.

JUMAPILI
Mkate, Maji na Usingizi

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimtendea nini Eliya kabla ya kumwuliza swali lolote?

Muda mfupi kabla ya hapo Eliya alikuwa juu ya Karmeli. Moto ulishuka, watu wakamkiri BWANA, mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu, naye akapiga mbio mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja kutoka kwa Yezebeli, na mtu yule aliyewakabili manabii 450 wa Baali akakimbia kuokoa maisha yake. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Hapo tungetegemea karipio. Badala yake malaika alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, na sababu aliyoitoa ilikuwa rahisi: safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la Mungu lilikuja baadaye, huko Horebu (fungu la 9), baada ya Eliya kulala na kula.

Mungu hakuanza kwa kumhukumu Eliya kwamba amekosa imani. Sisi je? Mwenzetu anapovunjika moyo, ni rahisi kusema amerudi nyuma, au kwamba haombi vya kutosha. Huenda anahitaji kwanza kulala, kula, na kuwa na mtu wa kukaa karibu naye. Na kama huzuni yake haiondoki, amwone daktari. Kumwona daktari si kumwacha Mungu.

JUMATATU
Siku ya Kwanza ya Adamu

Soma Mwanzo 1:26–2:3. Adamu na Hawa walikuwa wamefanya kazi gani kabla ya Sabato yao ya kwanza?

Waliumbwa siku ya sita. Kwa hiyo siku yao kamili ya kwanza hapa duniani ilikuwa Sabato. Walikuwa hawajalima wala kuvuna. Pumziko lao halikuwa mshahara wa kazi. Walilipokea kama zawadi, kisha ndipo wakaianza kazi ya bustani.

Sisi tumegeuza mpango huo. Tunasema, “Nikimaliza hili nitapumzika.” Lakini kazi haziishi. Shamba likipaliliwa, magugu huota tena. Duka likifungwa, simu huita. Zaburi 127:1, 2 inaonya kwamba kuamka mapema na kukawia kulala ni bure ikiwa Mungu hayumo katika ujenzi wetu, na kwamba usingizi ni kipawa anachowapa wale anaowapenda. Kila usiku tunapolala tunakiri kwamba Mungu anaweza kuulinda ulimwengu bila msaada wetu mpaka asubuhi.

Je, ni kazi gani unayoogopa kuiacha usiku? Hofu hiyo inasema nini kuhusu yule unayemtegemea?

JUMANNE
Pumziko Lililokatizwa

Soma Marko 6:30–46. Ni nini kilichovuruga mpango wa kupumzika, na Yesu alifanya nini baadaye?

Wanafunzi walikuwa wamerudi kutoka safari ya kuhubiri wakiwa na mengi ya kusimulia. Katika siku hizo hizo Yohana Mbatizaji alikuwa ameuawa. Watu walikuwa wakija na kuondoka, hata hapakuwa na nafasi ya kula. Yesu hakuwapangia safari nyingine. Aliwaita kando, mahali pa faragha.

Lakini makutano wakakimbia kwa miguu na kuwatangulia. Yesu hakukasirika. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha wanaume 5,000. Wengi wetu tunaufahamu sehemu hii ya kisa, nasi tunaitumia kujihukumu kila tunapotaka kupumzika. Tusome mpaka fungu la 46. Baada ya chakula, Yesu mwenyewe aliwaaga watu, akapanda mlimani kuomba. Mahitaji ya Galilaya hayakuwa yamekwisha jioni ile. Bado walikuwapo wagonjwa na wenye njaa. Hata hivyo aliondoka.

Mama mwenye mtoto mchanga na muuguzi wa zamu ya usiku wanajua kwamba si kila pumziko litafika saa tuliyoipanga. Upendo hukubali kukatizwa. Lakini pumziko lililokatizwa linatafutwa tena: labda ni nusu saa ya kutembea peke yako jioni, kula ukiwa umeketi, au kuzima simu saa moja kabla ya kulala.

JUMATANO
Yethro Anasema Ukweli

Soma Kutoka 18:13–24. Yethro aliona hatari gani katika kazi ya Musa?

Musa aliketi kuwaamua watu toka asubuhi hata jioni. Kazi ilikuwa njema na ilikuwa ya Mungu. Baba mkwe wake alitazama siku moja tu, akamwambia kwamba utaratibu ule si mzuri. Angedhoofika yeye, na watu nao wangedhoofika pamoja naye, kwa maana walisimama kutwa wakimngojea mtu mmoja. Dawa ilikuwa kuchagua viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi.

Kanisa linaweza kumchosha mtu kwa kumsifu. Kamati ya uchaguzi inapompa mshiriki mmoja vyeo vitano kwa sababu hakatai, inamwumiza yeye na kuwanyima wengine nafasi ya kukua. Musa alikubali shauri. Hakusema kwamba hakuna mwingine awezaye.

ALHAMISI
Ili Naye Apumzike

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Ni nani wanaotajwa kwamba wapumzike, na kwa sababu gani?

Katika amri hii Musa anataja sababu ambayo tunaisahau: mtumwa na mjakazi nao wapumzike kama bwana wao. Israeli walikumbushwa kwamba walikuwa watumwa Misri, mahali ambapo hakuna aliyewauliza kama wamechoka.

Basi tuangalie nyumba zetu. Ijumaa, siku ya maandalizi, ni nani anayefua, anayepiga pasi na kupika mpaka jua linapozama, wengine wakiwa wameketi? Sabato wageni wanapokuja, ni nani asiyeonja pumziko hata kidogo? Je, dada wa kazi ana saa yake ya kulala? Baba na vijana wakishika ndoo na ufagio mapema Ijumaa, mama ataipokea Sabato akiwa na nguvu ya kuifurahia. Kujitunza kunakomwachia mwingine mzigo wote si pumziko la Biblia.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura ya 38 ya kitabu Tumaini la Vizazi Vyote cha Ellen G. White, inayohusu mwaliko wa Marko 6:31.

Mwandishi huyo aliyajua mambo haya nyumbani kwake. Juni 1863, huko Otsego, Michigan, alipewa njozi kuhusu afya, iliyoonyesha kwamba kuutunza mwili ni wajibu mtakatifu. Lakini kazi ilikuwa nyingi, na mumewe, James White, aliendelea kuhariri, kusafiri na kusimamia. Agosti 1865 alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 44. Alipelekwa katika taasisi ya matibabu huko Dansville, New York, ambako alishauriwa aache kabisa kazi. Baada ya muda Ellen aliona kwamba kukaa bure nako kunamdhoofisha. Baadaye walihamia shambani Greenville, Michigan. Wakati wa kukusanya majani makavu aliwaomba majirani, kwa siri, wasije kusaidia, ili mumewe afanye kazi kidogo kwa mikono yake. Polepole nguvu zikarudi, naye akaiongoza tena Konferensi Kuu. Hata hivyo alizidiwa na kazi tena katika miaka iliyofuata. Alifariki Agosti 1881, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60.

Waasisi wetu walikuwa na nuru, nao waliona ugumu wa kuitii. Tusiwahukumu; tujifunze.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya pumziko na uvivu? Kisa cha Greenville kinasaidiaje kujibu?

2. Taja mshiriki mmoja wa kanisa lenu aliyeelemewa. Darasa lenu linaweza kumwondolea kazi gani juma lijalo, na nani ataifanya?

3. Utamwambia nini mtu anayesema, “Hali ya maisha hainiruhusu kupumzika”? Jibuni kwa uaminifu, mkiwakumbuka wanaoishi kwa kibarua cha siku.

4. Je, ratiba ya Sabato ya kanisa lenu, pamoja na vikao na mazoezi ya kwaya, inawapa washiriki pumziko? Ni jambo gani moja linaloweza kubadilishwa?