Uwajibikaji na Utu katika Uongozi wa Hoteli

Meneja wa hoteli ana wajibu kwa pande mbili: kwa mgeni aliyelipia huduma na kwa mfanyakazi anayeitoa. Mjini Dodoma wajibu huo umekuwa mzito zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kutoka Dar es Salaam mwaka 2016. Vikao vya Bunge vinapoanza, vyumba hujaa na wahudumu huelemewa.

Swali la kimaadili hujitokeza wazi kitu kinapoharibika: shuka likiunguzwa kwa pasi, nani alipe? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inajibu kwa sehemu. Mshahara unaweza kukatwa tu iwapo mfanyakazi ndiye mwenye kosa, amepewa nafasi ya kujieleza, na deni halizidi hasara halisi. Wala makato hayaruhusiwi kuvuka robo ya mshahara wake wa fedha. Kosa linatambuliwa, lakini familia haiachwi na njaa.

Dini zinakwenda mbali zaidi. Hadithi ya Mtume Muhammad hufundisha kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa kuhusu anaowachunga. Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 ulisisitiza ujira wa haki na heshima ya mfanyakazi. Kwa mafundisho hayo, kuwajibisha ni sehemu ya kutunza: anayefumbia macho uzembe huwatwisha wenzake mzigo, na anayeadhibu bila kusikiliza huvunja utu. Kiongozi mwadilifu huchunguza kwanza, hurekebisha chanzo, kisha huadhibu kwa kadiri ya kosa.